Bitana ya Koti la Mzee Orest

Mzee Orest Hawryluk alikuwa na koti moja tu la maana. Lilikuwa la sufu nyeusi, zito, na alilinunua mwaka aliomzika mkewe, Stefania. Tangu hapo lilikuwa likitoka siku ya Krismasi, siku ya Pasaka na penye msiba, basi. Siku nyingine zote lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Kama angelikunja akaliweka kabatini, jinsi Stefania alivyokuwa akimpigia kelele kila mwaka kuhusu makoti yake ya zamani, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mwanamume akishafiwa na mke, kabati linakuwa mbali.

Orest alikuwa fundi bunduki wa Stavky, kijiji cha Waukraini huko Saskatchewan, Kanada. Karakana yake ilipakana na jikoni, kwa hiyo supu ya bitiruti ilinukia mafuta ya bunduki, na bunduki zilinukia supu. Alikuwa akinunua bunduki kuukuu kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa Wamarekani: za marehemu, zilizoshika kutu, zilizopasuka kitako. Anazifufua, anawauzia wawindaji wa kulungu. Hakutajirika, ila hakulala njaa. Na alipoanza kutetemeka mkono, Mungu akamletea mkono mwingine: binti yake wa pekee, Lesia, aliyerudi kutoka Saskatoon baada ya ndoa kumshinda. Lesia alikaa wiki nzima bila kazi, kisha asubuhi moja akachukua tupa mezani akaanza kusugua chuma. Hakuiweka chini tena.

"Huyu ananishinda mimi," Orest aliwaambia wateja, mbele ya Lesia, ili asikie. "Nikifa msije na maua. Mleteeni huyu kazi."

"Baba, acha kufa kila siku. Unachosha wateja," Lesia alijibu bila kuinua kichwa.

Mzee alikuwa na kazi nyingine isiyomlipa kitu. Kila majira ya kuchipua, katika chumba cha chini cha kanisa, aliwafundisha watu kushika bunduki bila kuua wenzao. Nusu ya watu wazima wa wilaya ile walipita mikononi mwake. Na somo lake lilikuwa lile lile, hata waliofeli darasani walilijua kwa moyo: Kagua. Kagua tena. Kisha mpe mwenzako akague. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoishikilia kama dini. Jicho lako limeshazoea uvivu wako, alikuwa akisema. La mwenzako halijauzoea. Kule Stavky mpaka wanawake wakitoka nyumbani wanamwuliza mtu, "Hebu nikagulie, nimezima jiko?"

Basi mwaka ule mazungumzo ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha ndogo ndogo yakarudi mezani kule New York. Na serikali ya Ottawa ikawa imeahidi kwamba kila bunduki inayoingia nchini itagongwa chapa: jina la nchi na mwaka ilioingia. Aliyeleta habari hizo karakanani ni Garnet Dueck, mwenyekiti wa chama cha wenye bunduki wa eneo lile, muuza matrekta mwenye sauti ya kuwaita ng'ombe walioko shamba la tatu.

"Wanataka kugonga chapa bunduki zetu kama mifugo!" Garnet alifoka, theluji ikimdondoka mabegani.

"Mifugo yako si unaigonga chapa, Garnet?" Lesia aliuliza.

"Ng'ombe ni ng'ombe, dada! Huu ni uhuru wa mtu!"

"Ng'ombe naye ungemuuliza, angesema hivyo hivyo."

Orest alicheka, lakini kicheko kilimkauka haraka. Yeye na chapa hawakuwa na ugomvi. Kilichomsumbua ni hesabu nyingine. Kampuni kubwa zina mashine ya kugonga, zina mawakili, zina watu wa kukaa na vibali mchana kutwa. Yeye ana tupa, jiwe la kunolea na Lesia. Kanuni hiyo ikipita ilivyo, bunduki kuukuu za ng'ambo hazitaingia tena kwake, na karakana itakufa. Na karakana ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kumwachia mwanawe. Shamba lilishauzwa. Moyo wake, daktari alimwambia bila kuficha, ulikuwa unafanya kazi kwa huruma tu.

"Tunakwenda Ottawa kuishawishi wizara kabla wajumbe wao hawajaenda New York," Garnet alisema. "Na wewe unakwenda nasi, mzee. Tukienda sisi peke yetu watasema ni wendawazimu. Tukiwa na wewe, mwalimu wa usalama, mzee wa kanisa, hujawahi hata kumtisha paka... wataona aibu."

"Nitapewa nafasi ya kusema langu?"

"Utasema mpaka uchoke!"

Lake lilikuwa dogo. Mafundi wadogo wanaoingiza bunduki chache za zamani waachwe nje ya kanuni hiyo. Maneno hayo alikaa nayo mwezi mzima, akiyarudia huku akipaka mafuta, kama mtoto aliyetumwa dukani asisahau alichoagizwa.

Lesia hakupenda. Asubuhi ya safari, kwenye kifungua kinywa, alisukuma sahani ya maandazi ya viazi mbali naye.

"Baba, yule Garnet anataka vita, wewe unataka mwanya wa kupumulia. Hivyo ni vitu viwili. Atapiga kelele zake na utarudi na mafua."

"Nakwenda kwa ajili yako, mwanangu."

"Mimi sijakutuma!"

Akainuka akaingia karakanani, akawasha mashine ya kusaga, na mlio wake ukajaza nyumba nzima. Orest alibaki peke yake jikoni. Akachukua koti msumarini. Akakagua: mfuko wa kushoto, mfuko wa kulia, mfuko wa ndani. Mkono ulikuta tobo kwenye mfuko wa kulia, la kupita vidole viwili, akajiambia atalishona akirudi. Akakagua tena. Kisha akasimama mlangoni pa karakana, koti mkononi, akimtazama binti yake aliyempa mgongo.

Jamani, alitakiwa kumpa tu. Sekunde chache. Lesia angeingiza mkono, angekuta tobo, angekumbuka. Lakini mtu mwenye kinyongo hutembea na masikio mazito, na mzee naye alikuwa na yake. Akavaa koti akaondoka bila kuaga. Kwa maisha yake yote aliwafundisha watu mambo matatu, na siku moja aliyoyahitaji yeye akafanya mawili.

Garnet na wenzake walipanda ndege. Orest hakuwahi kupanda ndege tangu azaliwe.

"Mzee, kwa treni utafika na ndevu!" Garnet alimtania kwenye simu.

"Ndevu ninazo, Garnet. Wewe angalia usifike bila akili."

Treni ilimpitisha kwenye misitu na maziwa yaliyoganda, na njia nzima alikuwa akisogeza midomo. Mafundi wadogo. Bunduki chache. Waachwe nje. Mama mmoja aliyeketi mbele yake alidhani anasali, akamwacha aendelee.

Jengo la wizara lilikuwa na mlango wa vioo, na ndani ya mlango mashine ya ukaguzi na mlinzi kijana mwenye adabu. Garnet alikuwa ameshapita, amesimama upande wa pili na wenzake wawili wa chama, tai zimewakaba. Afisa wa wizara, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, alikuwa ameshuka mwenyewe kuwapokea.

Orest alivua koti akaliweka kwenye trei. Mashine ikalimeza, ikasimama, ikalirudisha nyuma kidogo, ikasimama tena.

"Mzee," mlinzi alisema, "una kitu chochote kwenye koti?"

"Sina, mwanangu. Nimekagua mara mbili." Alilisema kwa sauti, na kwa fahari kidogo, maana mama wa wizara alikuwa anasikia.

Mlinzi aliingiza mkono mifukoni, hakupata kitu. Akapapasa upindo wa chini, pale bitana inapokutana na sufu, akashika kitu kigumu. Akakisukuma taratibu kuelekea juu, mpaka kikatokea kwenye tobo la mfuko wa kulia na kudondoka kwenye trei. Ilikuwa risasi nzima, haijapigwa, inang'aa kama pete.

Mbwa wa mgeni hajulikani kwa rangi yake, hujulikana akibweka. Na pale koti la mzee lilikuwa limebweka.

Orest aliitambua papo hapo. Nyembamba, yenye shingo. Yeye hakuwa na bunduki ya risasi hiyo. Nyumbani mwake ilikuwapo moja tu, na ilikuwa ya Lesia, ile ya kuwapiga mbweha. Ikamjia yote kwa mkupuo mmoja: Krismasi yao ya Januari, kwa kalenda ya zamani ya kanisa lao, wametoka kanisani, koti kwenye msumari, mbweha kwenye banda la kuku, Lesia anachomoka na gauni la nyumbani, anavuta nguo ya kwanza mlangoni, anatia risasi mbili mfukoni. Alipiga moja. Baba mtu alisimama dirishani akicheka, akimshangilia. Nyingine hakuna aliyeiulizia. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wanavyosema, na hapa hakikuwa hata mdudu. Kilikuwa mapenzi ya nyumbani.

"Ni yako, mzee?" mlinzi aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mtu angeweza kusema kweli. Lakini kweli ilikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa Lesia, mwenye leseni safi, ambaye karakana ingekuwa yake.

"Ni yangu," alisema Orest.

Polisi waliitwa. Mzee alikalishwa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, bila koti, na watu wa wizara wakipita wanamtazama. Mama wa miwani alimgeukia Garnet.

"Huyu ni mwenzenu?"

Garnet alijikohoza. "Ni mwanachama wa kawaida tu. Hatumjui sana."

Hatumjui sana! Garnet huyo huyo alijifunza kufungua bunduki katika chumba cha chini cha kanisa, akiwa hana hata sharubu, mkono wa Orest juu ya mkono wake. Mzee alisikia. Alitazama sakafu.

Mkutano ulikwenda bila yeye; polisi waliandika maelezo yake kwamba risasi ni yake, wakamwachia. Baadaye alikuja kusikia kwamba Garnet alizungumzia uhuru tangu mwanzo hadi mwisho, na mara mbili alipiga meza. Mafundi wadogo hakuna aliyewataja.

Safari ya kurudi treni ilipita misitu ile ile, na Orest hakusogeza midomo. Lakini ndani yake alikuwa na kitu kimoja cha kushikilia, na nitakisema, kwa sababu ndicho kilichomfikisha nyumbani akiwa hai. Yeye amekwisha, sawa. Lesia bado.

Askari aliyekuja Stavky kuchukua leseni yake alikuwa Myron Sawchyn, naye mwanafunzi wake wa zamani. Alivua kofia mlangoni, akakaa jikoni, akapewa kahawa na Lesia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetumwa kumchinjia jirani mbwa wake.

"Mwalimu, leseni yako imesimamishwa, na ya karakana ni kwa jina lako, kwa hiyo nayo. Lakini ya Lesia ni safi. Akiomba, anaweza kuichukua karakana. Ila..." akazungusha kikombe, "bunduki haziwezi kukaa nyumba moja na wewe."

"Nitahamia kwenye nyumba ya wazee," Orest alisema upesi. Alikuwa amejiandaa. "Kuna chumba. Nimeshauliza. Wana televisheni na kila Ijumaa wanapika samaki."

"Wewe hupendi samaki," Lesia alisema.

"Nitajifunza."

"Baba, miaka yote hiyo, vipi uliacha risasi kwenye koti? Wewe?"

"Uzee, mwanangu."

Myron, maskini, alitaka kupunguza uzito wa mambo. "Na yenyewe wala si risasi ya kulungu," alisema. "Kijirisasi cha mbweha tu, chembamba..."

Akanyamaza, kwa sababu Lesia alikuwa ameweka birika chini. Alitazama mlango wa jikoni, akatazama msumari. Kisha akamtazama baba yake, na mzee akageuza uso dirishani.

"Wewe huna bunduki ya risasi hiyo," Lesia alisema.

"Risasi ni risasi."

"Ni yangu ile. Krismasi. Yule mbweha."

"Nyamaza, Lesia!" Mzee alipiga meza, vikombe vikaruka. Hakuwahi kumpigia meza tangu azaliwe.

Myron aliinua kikombe chake kitupu akakiweka mdomoni. "Mimi sijasikia kitu," alisema, akiangalia dari. "Nilikuwa nakunywa kahawa. Lesia, nimesema sijasikia. Umenielewa?"

Pale palikuwa na mlango. Binti wa watu angepita tu. Karakana ingekuwa yake, mzee angekula samaki wa Ijumaa, na dunia ingeendelea kujua uongo mmoja zaidi, mdogo. Orest alimtazama binti yake kwa macho ya kuomba, yeye ambaye hakuwahi kuomba mtu chochote.

"Nimesema ni yangu," Lesia alisema. "Andika, Myron. Sitakaa kwenye meza ya baba yangu huku yeye ametupwa kwa kosa langu. Ukiandika ukweli, watamrudishia yake."

"Hawatarudisha, Lesia," Myron alisema polepole. "Atakuwa amewadanganya polisi."

"Andika hata hivyo."

"Mwanangu, kwa nini?" mzee aliuliza.

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyenilea hivi?"

Myron aliandika.

Ikawa kama alivyosema. Leseni ya Lesia ilisimamishwa kwa uzembe, ya Orest ikafutwa kwa uongo, na karakana ikafungwa. Wahenga wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wahenga hawakuwa na leseni.

Siku gari la polisi lilipokuja kubeba bunduki, theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na ua mzima ulikuwa matope. Zilitoka moja moja, zimefungwa vitambaa, nyingine hazijamalizwa, nyingine za wateja walioshindwa kuwatazama baba na binti usoni. Lesia ndiye aliyezikabidhi. Kila moja aliifungua, akatazama ndani, akatazama tena, akampa Myron atazame. Hakuna aliyemwagiza.

Hapo ndipo Garnet alipoingia uani na gari lake, anapiga honi.

"Tumeshinda, mzee!" alipaza sauti kabla hata hajashuka. "Wameahirisha! Chapa hakuna! Mwaka huu hakuna, na mwakani tutaona!" Kisha akaliona gari la polisi, sauti ikashuka. "Loh. Pole. Lakini... tumeshinda."

Orest alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, mikono magotini.

"Waliahirisha lini, Garnet?"

"Aa, hilo ndilo la kuchekesha. Walishaamua zamani. Waziri alitia sahihi kabla hatujafika Ottawa, ila walikuwa hawajatangaza. Tulikwenda kusukuma mlango uliokwisha funguka!"

"Kabla sijapanda treni?"

Garnet alifungua mdomo, kisha akaelewa alichoulizwa. Akatazama matope kwenye viatu vyake. "Kabla hujapanda treni," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa. Hakumtukana, na mimi hilo siwezi kulisamehe hata leo; mtu kama yule alistahili angalau tusi moja zuri la Kiukraini. Garnet alisubiri kidogo, akasema ana trekta la kupeleka mahali, akaondoka. Gari la polisi likamfuata.

Wakarudi ndani. Karakana ilikuwa na rafu tupu na harufu ya mafuta, na Lesia hakuwa na mahali pa kukaa isipokuwa kwenye kiti chake cha kazi, basi akakaa hapo hapo. Kisha akainuka, akaenda kulitoa koti msumarini. Akatafuta sindano na uzi mweusi kwenye kopo la Stefania. Akageuza mfuko wa kulia nje akaanza kushona tobo, kwa mishono midogo, ya karibu karibu, kama anavyofanya kazi zake zote.

Baba yake alimuuliza:

"Ya nini sasa, mwanangu? Mimi sina tena pa kwenda nalo."

"Utazikwa nalo," Lesia alisema. Machozi yalikuwa yanamdondokea mkononi na hakuyafuta, maana mkono mmoja una sindano na mwingine una koti. "Nisingependa wakukute na kitu mfukoni."

Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akaingiza vidole ndani ya mfuko mpaka mwisho. Akaingiza tena. Kisha akamnyoshea baba yake koti akague.